Mabawa ya Chini

Kerege

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu. Goti linamsumbua, lakini bado anagombana na kuku. Mama yako mdogo amejifungua salama huko Lugoba.

Umeuliza kwa nini ile ndege ya mbao pale sebuleni mabawa yake ya juu ni mekundu na ya chini meupe, na unataka ukija uyapake rangi yafanane. Nilidhani hakuna anayeona.

Tuliichonga mimi na kaka yangu Yohana, kwa kufuata picha ya ndege ya vita ya zamani, zile za mabawa ya juu na ya chini. Kila futi ya ndege yenyewe tuliifanya inchi moja. Yohana alipima, mimi nilipiga msasa. Tulipomaliza mabawa ya juu, akaugua. Ubao mwekundu wa mninga uliobaki niliuficha chini ya kitanda chake, maana baba alikuwa fundi wa majeneza na hakuacha ubao ukae bure.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta baba uani, jeneza mbele yake, anaupiga randa ubao wetu. Nikamfokea kwamba huo ni wa mabawa ya Yohana. Hakuinua kichwa.

“Kifuniko kimepungua ubao mmoja,” alisema. “Shika upande ule.”

Nilishika, na ndipo nikajua jeneza lile ni la nani.

Mabawa ya chini niliyachonga baadaye kwa mbao za kreti. Vipimo nilivikuta kwenye daftari la Yohana.

Rangi uje nayo, mlango wa jikoni umechakaa. Ndege iache ilivyo.

Babu yako