Sura ya Kumi na Nne Niliyoitunga Mwenyewe

Alhamisi, baada ya alasiri. Joto kali, na upepo umekufa kabisa.

Leo siandiki ili nisomwe. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure. Ukurasa huu nitaufunga, sitauchapisha mpaka jambo hili liishe, kwa heri au kwa shari, na hata hapo majina yote nitakuwa nimeyageuza, na kisiwa pia. Nikisema Ndau, huenda si Ndau.

Naogopa. Wacha nianze na hilo.

Kundi la kusoma nililianzisha baada ya Ramadhani, kwa mzaha tu. Nina riwaya moja ninayoipenda tangu nikiwa kigoli, imechakaa mpaka jalada halipo, na madukani haipatikani tena. Nikasema, kwani nini kinanizuia kuwasomea watu kwa simu? Nikafungua kundi na kuweka masharti mepesi: hakuna mtihani, hakuna kuulizana nani amefika wapi, anayechoka apumzike, anayetaka kuwateta wahusika awatete mpaka aridhike. Kila Jumatatu na Alhamisi alasiri najifungia chumbani na mama, nasoma sura moja kwa sauti, naituma. Mama hulala kitandani akisikiliza, na nikikosea neno hunisonya.

Watu walikuja kuliko nilivyotaraji. Wako wa mtaani kwetu hapa Amu, wako wa Wiyoni, mwisho wa mji huu huu, yuko mama mmoja wa Kiunga ambaye mtandao humjia kwa kubahatisha. Yuko pia Mwalimu Mutiso, mtu wa bara anayefundisha huku, ambaye ndiye mwingine pekee mwenye nakala ya kitabu. Mwalimu ni mcheshi sana, ila ana ugonjwa mmoja: akijua kinachofuata, hawezi kunyamaza.

Na yuko Zeitun wa Ndau.

Sijawahi kumuona Zeitun. Kwenye kundi hakuwa akisema kitu, mpaka tulipofika kwenye sura ambayo mume wa riwaya anamvunja mkewe mkono kwa sababu ya chai kupoa. Siku ile watu walikasirika, wakamtukana yule mume wa kitabu kila tusi. Zeitun akaniandikia peke yangu: "Bi Swafiya, mkono ukivunjwa hauumi kama kitabu kinavyosema. Kinachouma ni kuuficha." Kisha akaufuta ujumbe ule mbele ya mato yangu.

Ndivyo tulivyoanza. Huniandikia wakati wa swala, mumewe akiwa msikitini, halafu hufuta. Kwa hiyo siku hizi nikisikia adhana, badala ya kuitikia naitazama simu, Mungu anisamehe. Nimejua kwamba wazee wamewapatanisha zaidi ya mara moja, na kila akirudishwa, mambo ni yaleyale. Nimejua pia kwamba mumewe, Bwana Lali, husikiliza riwaya pamoja naye. Anaweka simu juu ya mkeka, sauti juu, anakunywa kahawa, anasikiliza mpaka mwisho. Zeitun anasema saa hiyo ndiyo saa pekee ya amani nyumbani mwake.

Nilipoambiwa hilo nilifurahi, mjinga mimi. Nilijiona nimefanya jambo.

Kisha Jumamosi iliyopita, wakati wa adhuhuri, akaniambia lote. Binamu yake anaolewa Wiyoni, na sherehe ya wanawake ni Jumamosi hii, usiku kucha. Mumewe amemruhusu aje. Atavuka Ijumaa na wanawake wenzake, na furushi la nguo za harusi, na hatarudi. Dada yake wa Mombasa anamngoja. Jumapili alfajiri atavuka bara, Mokowe, apande basi. Ukiishi kisiwani huwezi kutoka kimyakimya, kwa sababu kila anayepanda mashua anaonekana na kila mtu anaulizwa anakwenda wapi. Unahitaji sababu ambayo hakuna atakayeishuku. Msiba, ugonjwa, au harusi.

Akaniomba jambo moja tu. Sura ya kumi na nne nisiisome mpaka Jumamosi ipite.

Sura hiyo naijua kwa moyo. Ndiyo sura niliyokuwa nikiisoma na kuirudia nikiwa msichana, mpaka karatasi zake zikalegea. Mke wa riwaya anaaga kwenda harusini, na furushi la nguo za sherehe, na haonekani tena. Zeitun hana kitabu. Hakuijua sura ile mpaka tulipomaliza ya kumi na tatu, mke anapoalikwa harusini, na Mwalimu Mutiso akaidokeza inayofuata kwenye kundi, na vicheko juu: "Ngojeni muone, hiyo harusi si harusi." Huyo ndiye Mwalimu wangu.

Na Bwana Lali aliusikia ujumbe huo, maana Zeitun hulazimika kumsomea yote yanayoandikwa kwenye kundi.

Jumatatu nikasema nina mafua. Nilidhani nimepata njia. Watu wakanitakia afueni, nikashusha pumzi. Jumanne asubuhi ikaja sauti kwenye kundi, kutoka simu ya Zeitun, lakini sauti ya mwanamume. Sauti nzuri, ya taratibu, ya mtu mstaarabu. Alinisalimia, akanipa pole ya mafua, akasema huko kwao wanangoja. Halafu akacheka kidogo: "Mbona umetukatia pale pale penye harusi, Bi Swafiya?"

Nilikuwa nakuna nazi. Nilikaa pale juu ya mbuzi na nazi mkononi mpaka mama akauliza kama nimeumwa na nge.

Wakati wa adhuhuri Zeitun akaandika kwamba ameanza kuulizwa. Kwenye hiyo harusi ya kitabu kuna nini? Huyo Bi wa Amu anaficha nini? Na kwa nini wewe ukitajiwa Wiyoni unaangalia chini? Nikaelewa kwamba kimya changu kitamponza kuliko sura yenyewe. Alhamisi lazima sura isomwe. Sura nyingine.

Basi nikakaa, jana kutwa, nikaitunga.

Sikujua kama ninaweza. Ninamjua mwandishi yule anavyoanza sentensi zake, anavyopenda kutaja chakula watu wanapokasirika, anavyowaacha wahusika wanyamaze. Nikaandika sura ambamo mume anaona haya kwa aliyoyafanya. Anaamua kumpeleka mkewe harusini mwenyewe. Anakaa nje na wanaume wenzake, anakula pilau, anangoja mpaka sherehe iishe, anamrudisha nyumbani, na njiani wanacheka kwa mara ya kwanza tangu waoane. Sura isiyomdhuru mtu. Ikifika kwa Lali, atasema, kumbe ni hivyo tu, na mambo yatapita.

Na hapa niseme ukweli, maana sina pa kuusema kwingine: nilinogewa. Nilianza kwa hofu, lakini kufika katikati nilikuwa nafuta na kuandika upya, natafuta neno tamu zaidi. Mume yule wa kitabu, ambaye mwandishi wake hakumpa moyo hata kidogo, mimi nikampa moyo. Nikampa na machozi. Niliposoma mwisho kwa sauti, peke yangu, nililia.

Ilibaki kumziba mdomo Mwalimu. Nilimpigia simu jana jioni. Nikamwambia kesho utasikia sura ambayo si ya kitabu, nakuomba usiseme neno. Akauliza kwa nini. Nikasema, niamini tu, Mwalimu. Akasema "sawa," lakini sawa ya mtu aliyekereka. Usiku mzima nimegeukageuka nikimuwazia yeye na ule mdomo wake.

Leo baada ya swala ya alasiri nikarekodi. Mara ya kwanza nilikosea neno. Mara ya pili mama alikohoa. Mara ya tatu nikaituma, nikaitupa simu kitandani nikaenda kusimama uani.

Niliporudi, watu walikuwa wameanza kusema. Mama wa Kiunga bado hajapata mtandao. Wa mtaani wanasema sura imewashangaza, hawakumtarajia yule mume kugeuka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, si ulituambia harusi si harusi?" Nikaona Mwalimu anaandika, anaacha, anaandika tena.

Akaandika: "Nilichanganya na kitabu kingine, jamani, uzee huu. Kwenye nakala yangu ni hivi hivi alivyosoma Bi Swafiya."

Mwalimu Mutiso, Mungu akupe kila unachokitaka. Sijui aliwaza nini. Hakuniuliza tena.

Ningeishia hapo leo, ningekuwa nimekaa nakunywa chai.

Sikuwa nimemaliza hata kushukuru, ikaja sauti ya pili kutoka simu ya Zeitun. Sauti ile ile ya taratibu. Bwana Lali ananishukuru. Anasema sura imemgusa, kwamba hajawahi kusikia mume akielezwa hivyo, kwamba amekaa akajifikiria. Kisha akasema, na haya nayanakili kama yalivyo kwa sababu nimeyasikiliza mpaka nimeyahifadhi:

"Nalikuwa nimwache aende na wanawake wenziwe. Umenifunza ndia, Bi Swafiya. Nitampeleka mwenyewe, nimngoje, nimrudishe mwenyewe."

Watu kwenye kundi wakammwagia maua. Mashaallah, mashaallah, mume ndiye huyu. Mtu mmoja akaandika kwamba riwaya inajenga nyumba za watu.

Mimi niliiweka simu kifudifudi juu ya kitanda.

Nimemfungulia nani njia, na nimemfungia nani? Nilitaka kumuondolea shaka, nikampa wazo. Kama ningeandika sura mbovu, sura ya kuchosha, angesinzia na kahawa yake na kesho angemwacha aende. Lakini hapana, lazima Swafiya aandike vizuri, lazima watu walie.

Na kuna jambo jingine linalonitisha zaidi ya hilo. Sijui kama amesema hayo kwa nia njema au ameshajua. Naisikiliza sauti yake tena na tena. Mara naona ni mtu aliyeguswa kweli, na nikiona hivyo moyo unaniuma, kwamba labda angebadilika, labda mimi ndiye ninayevunja nyumba. Halafu naukumbuka mkono uliovunjika na wazee waliopatanisha na "mambo yaleyale." Mara nyingine nasikia kicheko ndani ya lile neno "nimrudishe." Nimemsikilizisha mama ile sauti, nikamuuliza anasikia nini. Akasema anasikia mwanamume anayejua kwamba watu wanamsikiliza.

Magharibi imeadhiniwa nikiwa naandika sentensi ile ya juu. Simu ikawaka.

"Bado naya. Yeye atakaa nje na wanaume. Wewe uwe ndani."

Bado anakuja, basi. Halafu ujumbe ukafutwa.

Wewe uwe ndani! Mimi ni mtu wa kusoma. Nasoma chumbani, mlango nimefunga, watu wananisikia na hawanioni, na hivyo ndivyo nilivyopenda. Sijawahi kugombana hata na muuza samaki. Harusi ile sikualikwa. Mtu mwenyewe simjui uso. Na mumewe akija kujua ni nani aliyemtoa mkewe, jina langu analo, sauti yangu anayo, na Amu si mji wa kumficha mtu.

Nikamjibu: "Nitakuwa ndani." Nikafuta.

Kisha nikamwambia mama yote tangu mwanzo, nikingoja aniambie nisijitie katika mambo ya nyumba za watu. Hakusema hivyo. Aliuliza harusi ni kwa nani hasa, nikamtajia. Akafikiri. Akasema nyumba ile anaijua, jiko lake lina mlango wa nyuma unaotokea uchochoroni, na siku ya harusi wanaume hawapiti huko kwa sababu ndiko wanawake wanakopika. Akasema atakuja na mimi, na buibui la ziada, kwani mwanamke wa umri wake hakuna anayemuuliza anakwenda wapi.

"Na kama atagundua?" nikamuuliza.

"Atagundua," mama akasema. "Tunalotaka ni agundue basi likiwa limeshapita Witu."

Sasa amelala, au anajifanya amelala. Nikiifikiria Jumamosi naona kila kitu kikiharibika: mlango umefungwa kwa kufuli, Zeitun ameogopa dakika ya mwisho, Lali ameamua kusimama uchochoroni kuvuta sigara. Nafikiria pia kwamba huenda kesho mashua isilete mtu, na nisijue kwa nini, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mke wa riwaya alifika salama kwa sababu mwandishi alitaka afike. Huku hakuna mwandishi. Ni mimi, mama, na mlango wa jikoni.

Ya Rabi, tusitiri.