Samadi ya Gloriose

Katubuka, Kigoma
Machi 1979

Mpenzi rafiki yangu Mwanaima,

Hujambo huko Tabora? Bwana na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mimi mzima wa mwili tu. Tangu uhame Ujiji sina wa kumpasulia moyo, basi nivumilie, leo nina donge.

Unamkumbuka Gloriose, mke wa shemeji yangu. Mama mkwe alipokimbia Burundi aliokoa kitu kimoja, icansi, chombo chake cha mbao cha maziwa. Mwaka jana akatangaza kwamba atampa hicho mkaza mwana ambaye ng'ombe wake atakijaza kwanza. Mwanaima, nilikitaka! Mimi ndiye ninayemwogesha yule mama, wala hajanisifu hata siku moja mbele za watu.

Kwetu mwanamke hupimwa kwa usafi wa zizi. Mimi nikazidisha: kila asubuhi nilizoa mavi mpaka kule malishoni, nikayatupa bondeni. Gloriose, mvivu yule, aliyaacha palepale yalipoanguka. Lakini malisho yetu yametengwa na ua wa minyaa tu, na upande wake majani yalistawi, wangu yakakauka kama ufagio. Ng'ombe wake akatoa maziwa, wangu akanitolea macho. Mama mkwe akasema Gloriose ana mkono wa baraka. Niliumia, nakuambia kweli.

Nikajisemea, huyu amezika dawa. Alipokwenda Kibirizi kununua dagaa, nikaingia malishoni kwake na jembe nikapindua mavi yaliyoanza kukauka. Hirizi sikuiona. Niliona matundu, na dundu weusi wakishusha vidonge vya mavi ardhini. Chini zaidi nyungunyungu wanene, na udongo mweusi, laini, wenye unyevu. Kumbe mimi na usafi wangu nilikuwa nawanyang'anya chakula wale ambao wangenilimia bure.

Juzi icansi ilijaa. Ni ya Gloriose.

Najua utasema mwenye wivu ajinyonge. Kamba ninayo, ya ng'ombe. Lakini sikia la aibu, na bwana asilisome: jana nimeiba mavi. Nilijaza kikapu, dundu na nyungunyungu humohumo, nikainama kukinyanyua, kikanishinda. Kuinua uso, Gloriose huyu hapa. Alishika upande wa pili, akanitwisha, akasema kesho nirudi, yapo mengi.

Bora angenitukana. Icansi kachukua, sifa kachukua, sasa hata sababu ya kumchukia kaninyang'anya.

Mama mkwe anakusalimu. Analala kwangu, maziwa anakunywa kwa Gloriose. Nibusie watoto.

Ni mimi rafikiyo,
Mélanie