Leso Katikati ya Nyumba

Mama,

Nekesa amenituma kwako. Ujumbe wenyewe ni mfupi, lakini unanijua mimi Nafula na mdomo wangu, siwezi kufikisha salamu bila habari zake. Basi ngoja kwanza nikueleze Krismasi yetu ilivyokuwa.

Mwaka huu hatukwenda nyumbani. Wazazi wako ndio waliopanda basi kuja kwetu hapa Mukuru, na mvua yote hii, na kipindupindu kikizunguka ploti kwa ploti. Ulishaona wapi mama mkwe wa Kibukusu akija kula sikukuu kwa mkwewe, tena chumba kimoja cha mabati? Walisema wamewakumbuka wajukuu. Lakini Mjomba alikuwa ameshatudokeza kwamba wanakuja kumchukua Nekesa. Eti mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa miaka mitano, hasa mahali penye maradhi. Baba aliposikia alikaa tu akikunja na kukunjua kofia yake. Mama, niliogopa. Uondoke wewe, kisha na huyu mdogo aondolewe, tungebaki na nini?

Walipofika, shida ya kwanza ikawa heshima. Kulala walilala kwa Mama Atieno, jirani yetu, Mungu ambariki, maana siku hizi nani anapokea mgeni? Lakini mchana walishinda kwetu, na unajua mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni; mkwe akivunja mwiko huo hulipa mbuzi. Baba akatoa leso yako ile ya njano, akaitundika katikati ya nyumba. Kukhu, mama yako, na Babu wakakaa upande wa kitanda, Baba upande wa mlango. Nekesa akawa mjumbe.

"Mwambie baba yako chai ni tamu," Kukhu angesema, na Baba yuko hapo hapo, amesikia kila kitu. Nekesa anapita chini ya leso, anarudia maneno kwa sauti ya Kukhu kabisa, kisha anarudi na jibu. Tulicheka mpaka Babu akapaliwa na chai. Wewe ungetoka nje kwa haya.

Kusalimiana kwa mikono tuliacha. Mlangoni niliweka beseni na sabuni, na Babu akanung'unika kwamba Nairobi inamnawisha kama mtoto. Maji yote nilichemsha, Mama, naapa. Sijui Kukhu aliyapata wapi yale yaliyomdhuru, labda njiani.

Asubuhi ya Krismasi yenyewe, kuku ameshachinjwa, Kukhu akashikwa na ugonjwa. Kutapika na kuhara, pale pale kitandani kwako, hata kusimama hawezi. Babu alibaki akiita jina lake. Mimi niliganda na sufuria mkononi. Baba ndiye aliyeinuka akaivuta leso ikaanguka.

Kukhu akageukia ukutani na kujifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Nadhani aibu ilimuuma kuliko tumbo. Baba akakoroga maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi, kama watu wa afya walivyotufundisha, akapiga magoti.

"Mama," akamwambia yeye mwenyewe, bila mjumbe, "mbuzi wa aibu nitalipa. Wewe kunywa."

Akanywa, kijiko kwa kijiko. Kisha Baba akamfunga mgongoni kwa leso ile ile, akakanyaga matope naye mpaka kwenye hema la matibabu. Huko alikaa naye, akamwosha, akamfulia. Mkwe, Mama! Wanawake waliokuwa pale walidhani ni mama yake mzazi, naye hakuwasahihisha.

Yule kuku tulimpa Mama Atieno. Krismasi yetu tuliila Kukhu aliporudi, amekonda lakini macho yake yako makali vilevile. Nilipika chapati na maharagwe, moto moto. Leso nilikuwa nimeichemsha na kuianika kwenye kamba. Baba akamtuma Nekesa amwulize Kukhu kama aitundike tena. Kukhu hakumngoja mjumbe.

"Iache huko nje," akasema. "Huyu mtoto nilikuja kumchukua. Sasa nimeona ana nani. Abaki."

Baba akatoka, akisema moshi wa jiko umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa zamani. Nami nililia, sikutafuta hata kisingizio. Halafu Kukhu akapaza sauti ili Baba asikie huko nje kwamba deni la mbuzi, lakini, hajamsamehe.

Kwa hiyo Aprili, shule zikifungwa, tunakuja na huyo mbuzi. Tutapita kaburini kwako, nipalilie, na nikuonyeshe jinsi Nekesa alivyorefuka. Nakuahidi sitamwacha asahau sauti yako; nyimbo zako namwimbia, japo ananiambia ninazikosea. Lala salama, Mama. Huku tuko, na tuko pamoja.

Leso yako sasa anajifunika Nekesa. Jana aliniuliza kama wewe nawe uko nyuma ya leso, unatusikia ila hatukuoni. Nikamwambia labda. Akafikiri kidogo, akaona basi unahitaji mjumbe, na kazi hiyo akanipa mimi. Ujumbe wake ni huu, neno kwa neno:

"Mwambie Mama nimebaki."

Nafula