Aonje Kwanza Muuzaji

Kariakoo, Dar es Salaam
Majilio

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Mimi mwanao Manka ni mzima, joto la huku tu ndilo linalonionea. Hali yako je, na lile goti? Baba bado anakohoa asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawazungusha? Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, simu ukishika wewe ni "haloo, wazima huko, haya salio litaisha," hata kama aliyepiga ni mimi. Nina jambo ambalo haliwezi kuenea humo.

Unakumbuka Krismasi iliyopita, baba aliponiuliza mbele ya ukoo mzima, nyama ikiwa bado mezani: "Manka, hilo duka lako lina kitu gani ambacho duka la jirani halina?" Nikajitia kutafuta chumvi. Kaka Deo akacheka mpaka akapaliwa. Baba akasema basi, Krismasi nyingine ikinikuta sina jibu, nirudishe fremu ya duka niliyopanga kwa watu, nije Kibosho nilime kahawa. Iliniuma sana, maana alisema kweli. Mimi nauza chupa za chai. Jirani wa kulia anauza chupa za chai. Ng'ambo ya mtaa ni chupa za chai, rangi zilezile, maua yaleyale, zote zimeshuka kwenye kontena moja.

Na watu wa mji huu, mama, wananiacha mdomo wazi. Kuna muuza mikanda mtaa wa pili, hasemi neno. Anafunga mkanda kwenye nondo ya kibaraza, anajining'iniza, anawatazama wapita njia huku miguu yake inaelea. Muuza miavuli anavaa suti, anamwagiwa ndoo nzima ya maji, anatoka chini ya mwavuli mkavu kama alivyoingia. Kuna mama mwingine anauza masanduku, kazi yake ni kupanda juu ya sanduku na kucheza taarabu. Si mwembamba yule mama, na sanduku halijawahi kulalamika. Nilikuwa nikisimama kuwatazama mpaka nasahau kwamba nimeacha duka wazi. Najiuliza, hawa Mungu aliwaumba kwa udongo gani? Mimi nilichojua ni kupanga chupa na kusema "karibu".

Siku moja mteja akarudisha chupa, akasema haishiki moto. Nikamwonyesha kibao changu cha "mali ikiuzwa hairudishwi". Akanitazama, akaniuliza, "Dada, wewe mwenyewe umewahi kunywa chai kwenye hiki unachotuuzia?"

Sikuwahi. Jioni ile nikakukumbuka wewe sokoni na pipa lako la mbege. Unachota kwa kata, unaonja wewe kwanza, mteja anakutazama koo linavyomeza, ndipo unampa. Kwetu nani angekunywa pombe ambayo mwenyewe hajaigusa? Lakini mimi, mtoto wa pipa lile, nilikuwa nauza nisichokionja.

Kesho yake nikachemsha chai kwenye jiko la Bi Zuhura. Huyu ndiye jirani yangu wa kushoto, muuza sahani, mzaliwa wa hapahapa Kariakoo tangu babu zake. Wakati wa kufunga duka nikajaza chupa moja mbele ya wateja, nikaizungushia selotepu, mmoja wao akaweka sahihi yake juu. Asubuhi nikaifungua barazani, nikamimina, nikanywa mimi kwanza. Ulimi ukaungua, nikaruka! Watu wakacheka, wakaja karibu, kila mtu anataka kuonja chai ya jana. Siku ile niliuza kuliko nilivyowahi kuuza, nikabaki nimeshika kikombe kitupu kama nimeona muujiza.

Lakini hapa ukipiga chafya asubuhi, mchana mtaa mzima una mafua. Wiki haikuisha kila fremu ikawa na chupa yenye selotepu, na mawinga, wale vijana wanaovuta wateja mlangoni, wanaimba, "Chai ya jana, bado ya moto!" Swali la baba likarudi palepale.

Ndipo nikachukua mzigo mpya, chupa nzuri za waridi, mtaji wangu karibu wote. Akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Songea, mzee wa makamo, anataka katoni nyingi. Watu wakakusanyika kama kawaida. Nikakata selotepu ya chupa moja ya waridi niliyoijaza jana yake, nikamimina, nikanywa. Ulimi haukuungua. Chai ilikuwa vuguvugu, mama, kama maji ya kunawia mtoto.

Winga akaninong'oneza, "Sista, sema ya moto, halafu jifanye kikombe kimekuponyoka. Jamaa anabeba mzigo wote huyu!"

Nikaliona shamba la kahawa, na Kaka Deo anacheka. Halafu nikakuona wewe, siku ile mbege ilipochacha. Ulionja, ukaweka kata chini, ukawaambia watu, "Leo si nzuri, rudini kesho," ukabeba pipa lako mpaka nyumbani.

"Imepoa," nikasema. "Chupa hizi siuzi."

Bi Zuhura akapiga makofi: "Mchaga anakataa hela! Jamani, kiama hicho!" Watu wakaangua kicheko, nami machozi yananilengalenga. Yule mzee akachukua kikombe mkononi mwangu, akaonja, akatikisa kichwa. "Kweli imepoa," akasema. "Basi nipe zile ambazo wewe unasema ni za moto." Akachukua zote za zamani nilizobaki nazo. Mwenye duka la jumla aliyeniuzia zile za waridi alinikatalia kuzibadilisha, mpaka nilipomwambia kwamba kesho nitakuja kunywa chai ya chupa zake barazani kwake, mbele ya wateja wake.

Sasa wanakuja wateja kutoka Songea na Tunduru, wanauliza, "Yule dada anayekunywa yuko wapi?" Mama, bado nastaajabu. Mtaa mzima umeiga selotepu, umeiga chai, umeiga hata ninavyoshika kikombe. Siku ile ya kusema "imepoa" hakuna aliyeiiga. Na imetoka kwenye pipa lako.

Nisalimie bibi, mwambie ugoro wake umo kwenye bahasha ndogo, asimwonyeshe padri. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka, na mke wa Kaka Deo, nasikia ana mimba tena. Kaka Deo mwenyewe msalimie kidogo tu.

Mzigo huu unaoupokea stendi ya Moshi una chupa ya chai. Nimeijaza alfajiri hii kabla basi halijaondoka, nimeonja mimi kwanza, na Bi Zuhura ametia sahihi yake. Usiifungue mpaka baba awe ameketi. Onja wewe, kisha umpe. Kama bado ina moto, mwambie Manka amejibu. Kama imepoa, mama, usinifichie aibu: sema imepoa, mbele yao wote. Baba ataelewa kwamba hilo ndilo jibu lenyewe.

Mwanao wa pipani,
Manka