Jumapili Niliyoendesha Nimekunywa Chai Tu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mtaani kwetu Troyeville tu wazima. Bibi yako anashona sare za kwaya. Goti linamsumbua, mdomo haumsumbui.

Unauliza kama unaweza kwenda kazini na gari la rafiki yako, kwa kuwa halina kile kifaa cha kupulizia pumzi kipime pombe ndipo gari liwake, ambacho hakimu wa huko alikuamuru utumie kila unapoendesha. Unasema pombe umeacha.

Mimi pia nilikuwa nimeacha. Mahakama ya hapa ilikuwa imenifungia leseni kwa ulevi, lakini Jumapili moja nikaendesha kwenda kanisani, nimekunywa chai tu. Polisi wakatusimamisha. Hakimu akaniambia, "Kosa la kwanza ulilifanya umelewa. Hili umelifanya na akili zako timamu." Akanifunga. Ya jela tuyaache.

Kinachonirudia ni mama yako, wakati huo mtoto wa miaka saba, kwenye kiti cha nyuma na gauni lake jeupe. Askari waliponishusha hakulia. Aliniuliza, "Baba, ulikuwa unajua umekatazwa?"

Nilikuwa najua. Nawe unajua, Neema, ndiyo maana umeniuliza mimi, hukumuuliza wakili wako.

Babu yako