Kamera ya Babu Iliyong'aa

Frankline,

Ugali nimefunika mezani, samaki wako kwa sufuria ndogo. Ingiza kuku kabla ya mvua.

Nimeenda Lambwe kwa dada yangu. Niliumia vile ulinifokea asubuhi mbele ya yule mnunuzi, alipoikataa kamera ya Italia ya babu yako kwa sababu niliisugua na majivu na waya wa sufuria. Nani aliniambia watu wa kukusanya kamera za zamani hulipia ule uzee wake? Kitu cha baba yangu hakitoki kwangu kwenda kwa mgeni kikiwa kichafu.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi jioni.

Ile sufuria uliyounguza jana sijaiosha. Usiiguse, labda mnunuzi ataipenda.

Mama yako