Wakaguzi Mezani Siku ya Mitrovdan

Jumapili, 5 Novemba

Samahani kwa kimya cha tangu Agosti. Najua daftari haliudhiki, lakini kupotea bila kuomba radhi ni utovu wa adabu, hata mbele ya karatasi. Sababu ni moja: pilipili hoho. Mji mzima umekuwa ukizichoma, ukizimenya, ukizisaga. Kiwanda chetu cha ajvari, rojo la pilipili hizo, kimefanya kazi hata Jumapili. Mimi, mhasibu mwenye miaka sitini na minane na shahada ya uchumi, nimebandika lebo kwenye chupa! Zangu zimenyooka. Za wengine sitaki kuzizungumzia.

Jumatano ni Mitrovdan, siku ya Mtakatifu Dimitri, mlinzi wa kiwanda, na ndiyo slava yetu. Dobrivoje, mwenye kiwanda, anataka watu wengi kuliko mwaka jana. Nimemkumbusha kwamba slava haina mwaliko: anayekuja anakaribishwa, wala haulizwi amefuata nini. "Najua, shangazi Vuka," ameniambia, "lakini kutamani sijakatazwa." Ngano ya kuwapokea wageni nitachemsha mimi. Milunka wa jikoni huiacha ikalainika mpaka ikawa uji.

Jumatano, 8 Novemba

Niandike taratibu. Ni kwa hasira, si kwa uzee.

Saa tano asubuhi nilikuwa mlangoni na bakuli la ngano. Kila aingiaye anafanya ishara ya msalaba, anakula kijiko kimoja, anapita. Wakaja wawili nisiowajua: mwanamume mnene wa makamo, koti zuri, na binti mwembamba mwenye mkoba. Binti akaninyooshea kadi yenye picha. "Mama, sisi ni—"

Nikamkatiza. Nilidhani ni mawakala wa kampuni ya chupa. Wale hugawa kadi hata mazikoni. "Rudisha kadi yako, binti. Leo hapa hatupokei makaratasi. Chukua kijiko."

Akamtazama mwenzake. Yule mnene akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akala, akafumba macho. "Haijalainika kupita kiasi," akasema. Mtu aliyelelewa, nikawaza!

Kwa kuwa Jumatano ni siku ya mfungo, hapakuwa na nyama: samaki wa kukaanga, maharage ya kuoka, mikate. Padri akafika. Mkate wa slava huzungushwa na mikono kadhaa, na mikono haikutosha, basi padri akamvuta yule mgeni mnene. Akauzungusha bega kwa bega na Dobrivoje, huku akiimba! Sauti nzito, safi. Binti alikuwa akimvuta koti kwa nyuma. Nilikuwa karibu, nikamsikia yule mnene akimnong'oneza: "Subiri, Jasna. Mkate ukatwe kwanza."

Mkate ukakatwa. Akala samaki. Akaongezewa mara mbili. Binti alisimama mara mbili akitaka kusema jambo. Mara ya kwanza Milunka alimjazia maharage, mara ya pili akamtia mkononi glasi ya rakija, pombe kali. "Kaa, mrembo! Ukisimama unazidi kukonda."

Kisha Dobrivoje akainuka na glasi yake. Uso mwekundu, furaha tele.

"Ndugu zangu, wanasema mwaka ni mgumu. Mgumu kwa nani? Kati ya chupa zangu tatu, mbili zinaijua serikali. Ya tatu ni yatima — haina cheti cha kuzaliwa!"

Vicheko. Padri naye akacheka. Mimi sikucheka. Vyeti hivyo naandika mimi! Miaka kumi na moja nimekuwa mhasibu wa theluthi mbili za kiwanda, na habari hiyo nimeipata nikiwa na samaki mdomoni.

Yule mgeni akaweka uma chini. Akajifuta mdomo polepole, kwa huzuni ya mtu anayejua kwamba hataongezewa tena. Akasimama.

"Heri ya slava, mwenyeji. Sisi ni wakaguzi wa kodi."

Dobrivoje, glasi bado iko juu: "Na... kahawa mtakunywa?"

Alhamisi, 9 Novemba

Wamerudi saa mbili asubuhi. Wamekataa kahawa. Wamekataa maji. Bwana Tihomir — ndiye yule mnene — amekitazama hata kiti kabla ya kukikalia. Ghala limezungushiwa utepe, na wanawake wote wa kiwandani wamerudishwa nyumbani.

Vitabu vyangu, amesema, havina kosa hata moja. Ila ni vifupi. Sijawahi kutukanwa kwa upole kiasi hicho.

Jumatatu, 13 Novemba

Dobrivoje amepata wakili, na wakili amepata upenyo. Anadai wakaguzi walikula na kunywa kwa mtu wanayemkagua kabla ya kujitambulisha. Kwa hiyo walichosikia mezani hakihesabiki. Malalamiko yamefika kwenye tume ya rufaa za kodi. Yakikubaliwa, kiwanda kitafunguliwa, na Jasna, ambaye bado yuko katika kipindi cha majaribio, atafukuzwa kazi. Yakikataliwa, kiwanda kitafungwa, labda mpaka pilipili za mwakani. Shahidi ni mmoja tu, aliyekuwa mlangoni. Mimi!

"Swali lenyewe dogo, shangazi," amesema Dobrivoje. "Walijitambulisha?"

"Binti alinionyesha kadi. Niliyemnyamazisha ni mimi."

"Miwani ulikuwa umevaa?"

"Ilikuwa inaning'inia kifuani."

"Basi hukuisoma! Na usichokisoma hakipo."

"Kwa kanuni hiyo, Dobrivoje, hata chupa zako yatima hazipo."

Halafu amesema kitu kilichonichoma kuliko kelele zake zote: "Nani alikuajiri shule ilipokustaafisha? Mimi au Jasna?"

Ni yeye. Hilo nalo ni kweli.

Jumatano, 15 Novemba

Milunka amekuja na pai ya boga. Nikajua kuna jambo.

"Dada Vuka, wewe una pensheni. Mimi nina mkopo wa mashine ya kufulia na mume anayeangalia televisheni. Neno moja tu uwaambie: 'Sikumbuki.' Watu wa umri wako husahau, nani atashangaa?"

"Sijasahau hata kwamba pai yako huwa na sukari nyingi."

Akacheka. Kisha akalia, na kitambaa changu cha mezani ndicho kilichomfuta. Nikamkatia kipande cha pai yake mwenyewe.

Ijumaa, 17 Novemba

Kwenye foleni ya mkate, nani mbele yangu? Jasna! Ameniona, akapauka.

"Hatutakiwi kuzungumza," nimemwambia.

"Ndiyo, mama. Sizungumzi."

Foleni ikasogea. Kisha, huku akitazama mikate: "Sikuombi chochote kuhusu lile jambo. Nataka kuuliza ngano tu. Mama mkwe wangu anasema yangu inafaa kubandikia karatasi za ukutani."

Niseme nini? Swali la ngano si la tume. Nimemweleza: ioshwe mara kadhaa, ichemshwe kwa moto mdogo, ifunikwe kwa blanketi usiku kucha, ikaushwe kwenye taulo kabla ya kusagwa. Ameandika nyuma ya risiti, kwa mwandiko mzuri sana. Halafu akasema, "Nilipaswa kupiga kelele pale mlangoni." Nikamwambia awe mtulivu, na asipige kelele kwenye duka la mkate pia.

Nimerudi nyumbani nimemkasirikia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na kiburi.

Jumanne, 21 Novemba

Tume imekaa leo. Nani aliyechagua tarehe hii? Ni Aranđelovdan, siku ya Malaika Mkuu, nusu ya watu wana slava majumbani! Mwenyekiti alikuwa anaangalia saa kila baada ya sentensi, na wakili aliambiwa kwa ukali afupishe hoja zake kwa sababu kuna wageni wanaosubiri supu.

Nilivaa miwani tangu nyumbani.

"Bibi Vukosava, wakaguzi walijitambulisha kabla ya kula?"

"Binti alianza kujitambulisha na kadi ikiwa mkononi. Nilimkatiza, nikamwamuru ale ngano. Hakuwa na nafasi ya kukataa. Nimefundisha miaka thelathini. Nikiamuru, watu hula."

"Na Bwana Tihomir?"

"Yeye hakuhitaji kuamriwa."

Watu walicheka. Tihomir aliinamisha kichwa, masikio mekundu. Nilimhurumia, lakini sikuapa kumhurumia.

"Alikula nini?"

"Ngano, mkate, samaki mara tatu. Maharage pia. Alikuwa anasubiri mkate ukatwe ndipo aseme, nilimsikia. Baada ya mkate kukatwa angeweza kusema. Alichagua samaki."

"Na hayo maneno ya mwenyeji kuhusu chupa?"

Hapo nilimtazama Dobrivoje. Alikuwa amevaa tai ya harusi yake, imekaa upande. Miaka kumi na moja! Alinibeba mwenyewe hadi hospitalini nilipovunjika nyonga.

"Aliyasema," nikajibu. "Kwa sauti, na akiwa amesimama."

Uamuzi ni Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa ameshavaa koti.

Nje mvua ilikuwa inanyesha na basi lilikuwa limeondoka. Gari la Dobrivoje likasimama mbele yangu, mlango ukafunguka. Hakusema panda. Nilipanda. Mlangoni kwangu nikamwambia tai yake imekaa upande.

"Kaa kimya, shangazi," amesema. Si kwa ukali. Akaondoka.

Hakunifukuza kazi. Hakuniambia nije kesho pia. Funguo za ofisi nimezitundika kwenye msumari ulio karibu kabisa na mlango, ili akituma mtu kuzichukua, mtu huyo asilazimike kuingia ndani. Buti za kazini nazo nimezipaka rangi, iwapo ataniita.

Ijumaa tume ikishasema neno lake, na Dobrivoje akishasema lake, nitayaandika yote mawili hapa, lolote litakalotangulia. Kabla ya hapo sigusi kalamu.